Ufunguo wa Kirupan

"Nipe ufunguo, Yasotha."

"Saa saba mchana?"

"Nina kazi shambani."

"Kazi gani?"

"Pilipili zimeingiwa na wadudu. Nataka kupiga dawa."

Yasotha akaacha kukanyaga cherehani. Kirupan alikuwa amesimama mlangoni, na nyuma yake upepo wa Mei ulikuwa unapeperusha vumbi la njia nzima. Hakuna mkulima wa Mullaitivu, huko kaskazini mwa Sri Lanka, anayepiga dawa upepo ukivuma hivyo, labda awe anataka kuwapulizia majirani. Na Kirupan alilijua hilo kuliko yeye.

Ufunguo wenyewe aliletewa miezi minne nyuma. Dada Philomina, muuguzi wa afya ya akili, alipita kijijini na pikipiki yake akigawa masanduku ya kufungia dawa za shamba. Vita vilikuwa vimekwisha miaka minane nyuma, lakini watu walikuwa bado wanakufa kwa mikono yao wenyewe, wengi kwa kunywa dawa hizo, na Philomina alikuwa amechoka kwenda misibani.

"Ile hamu ya kufa ina saa yake," aliwaambia wakulima. "Ikipita saa hiyo na mtu bado yupo, tutazungumza. Sanduku lifungwe, ufunguo ukae kwa mtu unayemwamini. Haya, kila mmoja amtaje wake."

Ilipofika zamu ya Kirupan, asiye na mama wala ndugu, alijibu neno moja tu.

"Yasotha."

Jamani! Mwanamke wa miaka thelathini na nne alirudi nyumbani hakanyagi chini. Maana hawa wawili walikuwa wachumba. Mkufu wa ndoa ulikuwa umeshanunuliwa, mabomu yakaingia kati. Kirupan aliwekwa kambini miaka miwili. Aliporudi alijenga kibanda ng'ambo ya ua wa akina Yasotha, akawa anamsalimia kama mtu anavyomsalimia mleta barua. Hakusema nitakuoa, hakusema sikuoi. Yasotha alikataa posa tatu akisubiri neno lake.

Tangu siku ile ya masanduku, kila Jumamosi alfajiri Kirupan alikuja kuchukua ufunguo, na kila Jumamosi Yasotha alikuwa na maua ya asumini kichwani.

"Leo siku ya dawa, au nini?" mama yake alimchokoza. "Naona kichwa kimechanua."

"Mama, niache."

"Mimi nimekuacha. Huyo je, amekuona?"

Siku moja Kirupan alikunywa chai, akasema, "Umezidisha tangawizi." Yasotha aliishi na maneno hayo wiki nzima.

Sasa haikuwa Jumamosi, na macho ya Kirupan hayakuwa ya mtu anayekwenda shambani.

"Njoo jioni, upepo ukitulia," Yasotha alisema.

"Naomba usinisumbue. Nipe."

"Sikupi."

Kirupan akamtazama, kisha akacheka kicheko kikavu.

"Kumbe nilikosea."

"Ulikosea nini?"

"Kukuchagua wewe. Nilikuchagua kwa sababu hujawahi kuninyima kitu. Nilijua siku nikiutaka, utanipa."

Yasotha alihisi uso unamuwaka. Miezi minne ya maua! Kumbe hakuchaguliwa kwa kupendwa wala kuaminiwa, alichaguliwa kama mlango mbovu. Alitamani kumtupia ufunguo usoni amwambie potelea mbali. Mkono ulikuwa umeshafika kwenye pindo la sari alikoufunga, ndipo akaelewa maana ya "siku nikiutaka". Akaurudisha mkono.

Philomina aliwafundisha washika ufunguo wote: usizunguke, uliza waziwazi. Kuuliza hakumpi mtu wazo ambalo hana.

"Kirupan, unataka kujiua?"

Kwao mwanamke hamwiti mwanamume wake jina. Tangu wachumbiane hakuwahi kulitamka mbele yake.

Kirupan akaketi kwenye kizingiti kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Ndiyo."

"Leo?"

"Leo."

Yasotha akachukua simu, akamwandikia Philomina: "Dada, yupo kwangu. Nimemuuliza, amesema ndiyo, leo."

Jibu likarudi kabla hajaiweka chini: "Natoka sasa hivi. Usimwache peke yake. Mwache aseme, usimhubirie."

Basi akaenda akaketi kizingitini, bega kwa bega naye, mbele ya macho ya njia nzima. Waseme watakavyo.

"Siku kama ya leo," Kirupan alianza, akitazama mchanga, "nilimwachia mama mkono. Tulikuwa tunakimbia. Bomu lilipolia nilimwachia nijifunike kichwa. Nilipogeuka, hayupo. Sikupata hata cha kuzika."

Kirupan akachota mchanga, akaumwaga.

"Sasa mtu aliyemwachia mama yake mkono, akushike wewe wa nini?"

"Ndiyo maana hukusema kitu miaka yote hii?"

"Ningesema nini?"

"Na mimi ng'ambo ya ua nikajua nimechuja! Nikajua umerudi ukanitazama, ukaona sifai tena!"

"Wewe?" Kirupan alimgeukia kwa mara ya kwanza. "Kila siku nasikia cherehani yako. Ikinyamaza nashtuka."

Machozi yakamtoka Yasotha, na hasira nazo zikamtoka pamoja nayo.

"Sikiliza. Siwezi kukwambia haikutokea. Ila umenichezea kwa huo ufunguo, na nataka uwe hai nikugombeze vizuri. Leo sina nguvu."

Mabega ya Kirupan yakaanza kutikisika. Alilia kwa sauti, mtu mzima, na Yasotha akamshika mkono akaung'ang'ania.

Mama yake akatoka na sahani mbili za wali na mchuzi wa dengu.

"Majirani wamejaa uani," alisema, sauti yake ikiwa chini kuliko kawaida. "Kuleni basi, wapate cha kutazama. Na wewe Kirupan, mama yako alikuwa shoga yangu. Angekukuta na njaa mlangoni pangu angenisuta."

Philomina alifika amejaa vumbi hadi kwenye nyusi. Hakumkemea mtu. Alichuchumaa mbele ya Kirupan, akamwambia, "Ahsante kwa kusema ukweli. Twende hospitali, mimi na wewe na Yasotha." Wakaenda.

Kirupan alilazwa siku kumi na moja. Alipotoka alikuwa na dawa za kumeza na miadi ya kila Jumanne. Siku nyingine ujumbe wake ulisema: "Nimelala kwa saa sita mfululizo bila kushtuka." Siku nyingine: "Leo mbaya. Nipo." Yasotha alijibu, "Nami nipo," kisha akatoka kwenda kumwangalia kwa macho yake. Jumamosi, kabla ya kumpa ufunguo, alimuuliza swali lilelile. Kirupan alijibu, "Leo hapana." Mara mbili alijibu, "Sijui," na mara zote mbili ufunguo haukutoka, ikapigwa simu.

Mwezi wa Septemba Kirupan alikuja na Philomina. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi.

"Tumekuja kuuchukua ufunguo," Philomina alisema. "Ataushika mke wa mwenye duka."

Yasotha akalishika pindo la sari.

"Nimekosa nini?"

"Hujakosa. Utaratibu wetu ni kwamba mshika ufunguo asiwe anaishi nyumba moja na mwenye sanduku."

"Lakini mimi naishi hapa kwa mama!"

Philomina akageuka kutazama mbuzi waliokuwa wakipita. Kirupan akakohoa.

"Kwa sasa," alisema.

"Mpe, Yasotha!" mama yake akapiga kelele toka jikoni. "Mpe kabla shati halijajikunja!"

Yasotha hakucheka. Alikuwa amelisubiri neno hili miaka minane, na sasa limefika akaliogopa.

"Siku ile ulisema ulinichagua kwa sababu sikunyimi kitu. Leo unanichagua kwa nini?"

"Kwa sababu ulininyima."

Yasotha akalifungua pindo la sari, akauweka ufunguo kwenye kiganja cha Philomina. Kisha akajifunika uso kwa mikono yote miwili, akalia kama mtoto, na Kirupan akasogea akakaa karibu naye mpaka alipomaliza.