Kitendawili cha Ukurasa wa Arobaini na Moja

"Kitabu kimeota miguu," redio ilikoroma. "Kiko Rohero, katikati ya mji. Nenda Rohero, Houda!"

Sauti ya Djibril, mkuu wake wa upelelezi.

Houda akaizima redio. Lori lilikuwa mbele ya macho yake, linakata mashamba ya mpunga ya Buterere, pembezoni mwa Bujumbura.

Akaifungulia mafuta Yamaha, pikipiki yake.

Ndani ya lori mlikuwa na vitabu elfu sita vya sayansi, darasa la nne. Bi Khadidja, msomi wa chuo kikuu, alikiandika kitabu hicho kwa miaka kumi na moja. Wageni wenye kiwanda cha unga wa kusafisha maji walikiiba kabla hakijachapwa, wakachapa cha kwao. Penye "chemsha maji ya kunywa", wameweka "tia unga, usichemshe".

Unga wenyewe ni chokaa tupu.

Kesho vitabu vinaingia madarasani. Mtoto atakunywa, atahara, atazikwa. Na juu ya jalada, jina la Khadidja.

Tope la Buterere halina rafiki. Lori likazama hadi ekseli. Dereva, pande la mtu aitwaye Bonfils, akaruka chini na panga.

Houda akachomoa bastola yake, Makarov. Akafyatua.

Ta.

Akafyatua tena. Ta.

Bonfils akacheka. "Waliniambia haitalia, dada!"

Kofia ya pikipiki ikampiga puani. Kabla hajajua mbingu iko wapi, alikuwa kifudifudi topeni, mikono nyuma, pingu zimelia.

"Nani alikuambia?"

"Mi najua? Mi nabeba tu!"

Houda akaifungua bastola. Kile chuma chembamba kinachogonga risasi kimetolewa. Asubuhi ile ni mtu mmoja tu aliyeishika, akaisafisha, akampa mkononi. Djibril. Tonton Djibril, aliyekuwa kama mjomba wake, aliyemlea tangu baba yake alipofariki.

Moyo ukakataa.

Akapasua boksi, akafunua ukurasa wa arobaini na moja, akampigia simu Khadidja, aliyemheshimu kama shangazi.

"Tantine Khadidja, kuna kitendawili hapa. 'Amekula vitabu vyote, hajui kusoma.'"



Khadidja alikuwa na desturi yake, nayo Houda aliijua. Kabla ya kuchapa, alitoa nakala tatu tu: moja kwa Népomuscène mhakiki, moja kwa Orlane mchoraji, moja kwa Djibril aliyepewa kazi ya kukilinda. Kila nakala aliitilia kitendawili chake kwenye ukurasa huo, alichokitunga mwenyewe. Mwizi wa kitabu, alikuwa akisema, hasomi. Ananakili kwa pupa.

"Hicho ulimpa nani, Tantine?"

"Mutoto wangu… hicho nilimpa Djibril."

Polisi walipofika kulizingira lori, Houda aliwasha pikipiki. Alifuta uso. Tope tu, alijiambia.

Mtaa wa Kinindo, baada ya swala ya alasiri. Djibril alikuwa barazani, sahani ya mukeke wa kuchoma mbele yake.

"Karibu, binti yangu! Rohero kulikuwaje?"

"Nimetoka Buterere."

Mkono wa mzee ukasimama juu ya samaki.

Houda akaketi. Kalamu mfukoni mwake, yenye kinasa sauti ndani, ilikuwa ikipeleka kila neno kwa polisi waliokuwa nje ya geti.

"Kitendawili, Tonton."

"Tega." Ilimtoka yenyewe. Miaka ishirini walikuwa wakitegana kila jioni.

"Amekula vitabu vyote…"

"Mchwa."

"Sijamaliza."

Djibril akatazama sahani. Akazeeka hapo hapo.

"Wallahi, Houda, hawakusema utakufa. Walisema watakutisha tu."

"Na bastola?"

"Bila mi, we ungekuwa nani?"

"Ningekuwa mutu mwenye bastola nzima."

Akaiweka Makarov mezani, kando ya ndimu. Akainuka.

"Kingine. Alinilea. Alinifunza kulenga. Akanituma vitani mikono mitupu. Ni nini?"

Mzee akaisukuma sahani kando.

"Umeshindwa," alisema Houda. "Nipe mji."

"Chukua… chukua Bujumbura."

"Bujumbura haikuwa yako hata siku moja."

Geti likafunguka. Wanaume wanne wakaingia.

Houda akapita katikati yao bila kugeuka, akavaa kofia, akapiga teke moja.

Yamaha ikawaka.