Mbuzi Aliyetolewa kwa Maji

Vennila hakugundua kwamba Sengodan alikuwa ameanza kwenda shuleni kwa njia ya nyuma ya kisima. Ilikuwa njia ndefu, yenye matope na mbwa wakali, na hakuna mtoto wa kijiji cha Melputhur aliyeipita kwa hiari yake. Vennila, ambaye hakupitwa na jambo lolote lililomhusu mbuzi, hakujiuliza hata mara moja kwa nini mtoto wa baba yake mdogo haonekani tena barabarani.

Kila asubuhi, akishakunywa uji wake wa ulezi na kusukwa nywele, alipitia kwanza nyumbani kwa mama yake mdogo, Alamelu, mama yake Sengodan, akaenda moja kwa moja hadi kibandani kwa mbuzi.

"Mama mdogo, jana mlimlisha nini Karuppi?"

"Majani ya karanga, mwanangu."

"Makavu au mabichi?"

"Mabichi."

"Si nilisema! Yakiwa na umande yanamvimbisha tumbo. Na kamba hii fupi, anajinyonga. Sengodan yuko wapi?"

"Ameshaondoka."

"Mapema hivi?"

Alamelu alirudia ufagio wake. Aliinama akaendelea kufagia mahali ambapo alikuwa ameshafagia.

Mbuzi yule mweusi alikuwa wa Vennila tangu akiwa kitoto cha kunyonyeshwa kwa chupa. Baba mdogo alipofariki, ukoo uliwaalika wachezaji siku ya kumi na sita ya msiba, waigize usiku kucha kifo cha shujaa mtoaji wa hadithi za kale, kama ifanywavyo kwa ajili ya marehemu. Mjomba Kothandam, kaka yake mama, ndiye aliyekuwa shujaa. Jua lilipochomoza alikuwa ameanguka kando ya gari lake la vita, gurudumu limezama matopeni, mwili umejaa mishale. Vipuli na deraya ya dhahabu alivyozaliwa navyo alikwisha kuvitoa kwa mwombaji, ingawa alijua kwamba kuvitoa ni kufa. Ndipo akamjia mzee mwingine kuomba, naye, asiye na kitu tena, akampa thawabu zote za ukarimu wake. Zawadi huthibitishwa kwa maji yanayomiminwa kiganjani; yeye hakuwa na maji, akamimina damu yake.

Watu walilia, na Vennila aliwashinda wote. Kabla mikeka haijakunjwa alikuwa amemleta Karuppi na kopo la shaba. Alimsimamisha Sengodan mbele ya umati, akammiminia maji kiganjani, akamkabidhi kamba.

"Mwoneni mtoto huyu!" akasema bibi mmoja, akampapasa Vennila mashavu kisha akavibonyeza vidole vyake kwenye paji lake mwenyewe mpaka vikaalika, ili kumwondolea kijicho.

"Na wewe sema asante, mbona umeduwaa?" mtu akamkaripia Sengodan.

Sengodan, kiganja kikidondoka maji, alisema asante. Hiyo ilikuwa ya kwanza. Zilizofuata hazikuwa na idadi. Vennila alipotaka zamu ya kwanza mchezoni, alikumbusha habari za mbuzi. Sengodan alipokataa kumbebea mkoba, alikumbushwa habari za mbuzi. Mgeni alipofika darasani, Vennila alimtambulisha: "Huyu ni Sengodan. Ndiye niliyempa mbuzi."

Kisha Karuppi akashika mimba, na tumbo likawa pana kiasi cha kuonyesha kwamba atazaa mapacha. Vennila aliwatangazia wasichana bombani kwamba kitoto kimoja kitakuwa chake.

"Lakini si ulitoa kwa maji?" mmoja akauliza.

"Maji niliyamiminia mbuzi. Sikulimiminia tumbo."

Neno hilo lilimfikia Sengodan kabla ndoo hazijajaa. Kesho yake asubuhi, mama yake Vennila akiwa ameinama kizingitini akichora michoro yake ya baraka ya unga wa mchele, Sengodan alifika akimvuta Karuppi. Mbuzi alianza papo hapo kulamba unga.

"Wewe! Mwondoe mnyama huyo! Anakula mlango wangu!"

"Samahani, mama mkubwa. Nimemrudisha. Dada Vennila, mchukue mbuzi wako."

Vennila alitoka na kitana kikining'inia nyweleni. "Una wazimu? Nilikupa."

"Ulinipa lini? Unakuja kila siku kumkagua kama mwenye shamba. Nimechoka kushukuru! Nikila, nashukuru. Nikilala, nashukuru. Baba yangu mwenyewe hakuwahi kunidai asante nyingi namna hii."

"Mwanangu," mama akasema kwa hofu, "kilichotolewa kwa maji hakirudi. Unataka mkosi gani utuingie humu ndani?"

"Basi hata mimi simtaki." Akaidondosha kamba, akaenda zake.

Tangu hapo Karuppi hakuwa na kwao. Mama yake Vennila hakumruhusu avuke kizingiti. Alamelu alimfuata akamrudisha kibandani, lakini Sengodan akamtoa tena. Mwishowe alifungwa kwenye mwarobaini ulio mbele ya hekalu, na huko akawa kero ya kijiji kizima. Alikula mashada ya asumini, akala tambi za taa, akala upindo wa sari ya mama mmoja aliyekuwa amefumba macho akiomba.

"Mbuzi wa nani huyu?" kuhani akapiga kelele.

"Muulize Vennila!" wakajibu wote kwa pamoja.

Kelele hizo Vennila angeweza kuzistahimili. Lililomuumiza ni Sengodan kuhamia dawati la nyuma. Walikuwa wamekula sahani moja tangu hawajajua kutembea. Sasa akimsogelea, Sengodan aliinuka kama mtu aliyekumbuka shughuli. Tena siku za Karuppi zilikuwa zimetimia, mawingu yalikuwa yakikusanyika, na hakuna aliyekuwa tayari kumpa hifadhi.

Alikwenda kwa Mjomba Kothandam kushtaki. Mjomba alikuwa amerejea kutoka kuigiza katika kijiji cha mbali, amejilaza mkekani, rangi nyekundu bado imemganda nyuma ya masikio.

"Mjomba, Sengodan hana shukrani."

"Vennila, nimekufa leo alfajiri. Jana pia nilikufa. Niache nilale."

"Lakini nilifanya kama wewe ulivyofanya! Nilitoa kitu nilichokipenda kuliko vyote!"

Mjomba alikaa kitako, akaguna. "Niliyaona machozi yako siku ile, nikadhani umeelewa. Kumbe ulikuwa ukitazama mapambo. Hebu niambie: yule mzee aliomba nini?"

"Thawabu zake."

"Na kwa nini aliomba hizo?"

Vennila alichezea ukingo wa mkeka, mjomba akajijibu mwenyewe.

"Kwa sababu ndizo pekee zilizobaki. Dhahabu ilikwenda, uhai ulikuwa ukienda, lakini jambo moja alikuwa bado amelishika: kwamba *mimi ndiye niliyetoa*. Alipoliachia hilo ndipo akawa huru. Kila tendo lina mazao yake, mtoto wewe, ndiyo karma hiyo. Mpandaji hayafukui mazao kila asubuhi kutazama kama yameota. Wewe umeyafukua, umeyatafuna yakiwa mabichi, sasa unanijia na njaa yako saa ya usingizi wangu!"

 Vennila uso ukamng'aa, akasimama. "Nimeelewa, mjomba! Nitamtolea Sengodan na sifa za kumpa mbuzi pia. Nitachukua kopo la maji, niwaite watu wote hekaluni, halafu mbele yao..."

Mjomba alijipiga paji la uso. "Ewe Mungu-Mama! Hapana kopo! Hapana watu! Nenda mikono mitupu. Na ukimaliza, tafadhali, usije ukanisimulia."

Matone ya kwanza yalianguka akiwa njiani. Chini ya mwarobaini alimkuta Sengodan amepiga magoti, amemfunika Karuppi kwa shati lake la shule. Mbuzi alikuwa amelala ubavu akilia kwa sauti nzito. Ukwato mmoja mdogo wa kitoto ulikuwa umejitokeza; wa pili haukuonekana.

"Amekwama," Sengodan akasema bila kugeuka. "Mguu mmoja umejikunja ndani. Atakufa."

Maneno *si nilisema* yalimfika Vennila kwenye ncha ya ulimi. Aliyameza, na hayakumezeka kwa urahisi. Alipiga magoti matopeni.

"Ni mbuzi wako," akasema. "Niambie nishike wapi."

Sengodan alimtazama kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. "Mshike kichwa. Usimwache ainuke."

Vennila alikishika. Sengodan aliosha mkono kwa maji ya mvua, akaurudisha ndani ule ukwato kidogo, akautafuta mwenzake kwa vidole, akaunyoosha polepole kama alivyowahi kumwona baba yake akifanya. Karuppi alipiga ukelele mmoja, na kitoto kikateleza mikononi mwake, cheusi, chenye kuchemua. Cha pili kilifuata chenyewe, kama mtu aliyekuta mlango umeshafunguliwa.

"Nilikupa mbuzi," Vennila akasema, "kisha nikawa nakuja kumchukua kidogo kidogo kila asubuhi."

"Kila asubuhi. Na Jumapili mara mbili."

"Na Jumapili mara mbili. Nisamehe. Hawa wawili ni wako."

"Najua," akasema Sengodan.

Vennila alingoja neno lililozoea kufuata. Halikuja. Akagundua kwamba alikuwa akilingoja, akaona aibu, akakipangusa kitoto pua kwa upindo wa sketi yake.

Alamelu alifika mbio, gunia kichwani kujikinga mvua. Aliwatazama watoto wawili na vitoto viwili, wote wamelowa. Akachuchumaa katikati yao.

"Mwali akishapelekwa kwa mumewe," akasema, "mama yake haendi kila asubuhi kufunua vyungu vyake. Anayetoa asiachilie, Vennila, hajatoa bado, amekopesha tu. Na wewe, Sengodan, siku nyingine jambo likikuchosha, sema. Usimtwishe mbuzi ugomvi wako. Haya, inukeni, mbebe vitoto. Karuppi nitamwongoza mimi."

Karuppi alirudi kibandani siku hiyohiyo na wanawe wote wawili. Mwaka uliofuata kimoja cha vitoto vile kiliuzwa ili Sengodan apate kuingia shule ya sekondari mjini. Vennila alizisikia habari hizo kwa watu wengine, wala hakuuliza ni kipi kilichouzwa.