Vyuma Vyeusi, Rangi ya Damu ya Mzee

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya kwanza, Mejumaa alifungua chumba cha muziki na kuipangusa vumbi seti ya dramu ya shule. Seti yenyewe ilikuwa imechakaa. Ngoma kubwa ya kukanyagwa ilifungwa waya ubavuni, mguu wa toazi moja uliegemezwa kwa tofali, na vyuma vyote vilikuwa vimefubaa kwa kutu, maana hewa ya chumvi ya Mombasa haikihurumii chuma. Hata hivyo Mejumaa aliipenda. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, yuko Gredi ya Saba katika shule moja ya Bondeni, na ndiye aliyekuwa kiongozi wa wapiga ngoma wa bendi ya shule.

Wapiga ngoma walikuwa wawili tu, yeye na Ngowa. Ngowa alihamia shuleni hapo mwanzoni mwa mwaka, akitokea upande wa Makupa. Alikuwa mtoto mwenye ualbino. Nywele zake zilikuwa na rangi ya mchanga wa pwani, na hakutoka nje bila kofia pana na shati la mikono mirefu. Siku ya kwanza Ngowa aliposhika vijiti, Mejumaa alikuwa akifunga zipu ya mkoba wake. Aliiacha nusu. Mikono ya Ngowa ilikwenda kama ya mtu anayezungumza na rafiki yake, mara kwa upole, mara kwa haraka, na kila pigo likaangukia pahala pake.

"Umejifunza wapi?" Mejumaa alimuuliza.

"Kwenye godoro," Ngowa alijibu. "Nyumbani hatuna ngoma, na godoro haliwaamshi majirani."

Tangu siku hiyo Mejumaa hakuona haya kusema kwamba Ngowa alimzidi. Kila Ngowa alipopiga, yeye alisogea karibu asikilize, na akienda kwao aliyajaribu mapigo yale juu ya magoti yake.

Siku moja Mwalimu Nasipwondi, mwalimu wao wa muziki, aliwakusanya wanabendi wote na kuwapa habari njema. Wanafunzi wa zamani wa shule walikuwa wameagiza seti mpya ya dramu kwa Fundi Sheikhan wa Mji wa Kale. Mbao zilikuwa tayari. Kilichobaki ni kuchagua rangi ya ngoma na rangi ya vyuma.

"Wapiga ngoma ndio watakaochagua," mwalimu alisema. "Mejumaa, wewe ni kiongozi. Nenda na Ngowa mkaone."

"Dhahabu," alidakia Morris, mpiga tarumbeta, kabla mwalimu hajamaliza. "Vyuma viwe vya dhahabu, tuwashinde wote kwenye tamasha la shule." Wengine wakamuunga mkono. Mejumaa akacheka, kwani naye moyo wake ulikuwa huko huko.

Alasiri ile Mwalimu Nasipwondi aliwapeleka Mji wa Kale. Karakana ya Fundi Sheikhan ilikuwa ndani ya kichochoro chembamba, nayo ilinukia vanishi na unga wa mbao. Fundi alikuwa mtu wa makamo, kofia kichwani na kalamu ya risasi nyuma ya sikio.

"Masalkheri, Fundi. Shikamoo," watoto walimwamkia.

"Marahaba, wanangu. Masalkheri. Karibuni, mzitazame ngoma zenu."

Ngoma zilipangwa juu ya meza ndefu, bado hazina rangi, mistari ya mbao ikionekana kama mawimbi madogo. Mejumaa alipitisha kiganja juu yake. Hakuona mahali palipounganishwa. Alistaajabu jinsi mbao ngumu ilivyokubali kupindwa ikawa mviringo kamili.

Fundi aliwatandazia vibao vya rangi: buluu ya bahari, kijani, nyeupe ya lulu, na nyekundu yenye chembe za kumetameta. Pembeni aliweka pete za chuma zinazobana ngozi ya ngoma, zikiwa kama bangili kubwa. Moja ilikuwa ya fedha, ya pili ya dhahabu, ya tatu nyeusi isiyong'aa. Mejumaa alichukua kibao chekundu akakiweka kando ya bangili ya dhahabu. Vilipendeza kama nguo za bibi harusi.

"Hivi," alisema kwa sauti ndogo. "Ngowa, waonaje?"

"Vizuri sana," Ngowa alisema.

Fundi alikuwa na ngoma moja ya mfano iliyokwisha fungwa bangili ya dhahabu. Aliitoa hadi mlangoni, kwenye mwanga wa jua, ili waijaribu. Mwalimu Nasipwondi alikuwa amesogea kando kuzungumza kwenye simu. Mejumaa alipiga kwanza, kisha akampisha Ngowa. Ngowa akaanza vizuri, lakini kijiti kikagonga chuma. Akapiga tena, kikagonga chuma tena. Akakunja uso, akapangusa macho kwa mkono wa shati, halafu akatabasamu.

"Kijiti kimeteleza," alisema, akarudi ndani kivulini.

Mejumaa hakuwahi kumwona Ngowa akigonga ukingo. Lakini rangi zile zilikuwa zimemteka, na jambo hilo likampita.

"Nitaanza kupaka kesho alasiri," Fundi Sheikhan alimwambia mwalimu aliporudi. "Rangi hii ikishaingia kwenye mbao, kuitoa ni kazi. Mna hakika?"

"Tuna hakika," Mejumaa alijibu.

Asubuhi iliyofuata walikuwa wawili tu kwenye chumba cha muziki. Ngowa alikuwa akipiga seti ile kuukuu, na hakukosea hata pigo moja. Mejumaa akamtazama, akakumbuka yale ya mlangoni kwa Fundi.

"Ngowa, jana kijiti hakikuteleza," alisema.

Ngowa aliweka vijiti mapajani. Akasema, "Chuma kikimeta juani, mimi sioni ngoma. Naona moto tu. Ngozi nyeupe na ukingo vinakuwa kitu kimoja, sijui ngoma inaanzia wapi wala inaishia wapi. Seti hii ina kutu, haimeti. Ndiyo maana naiweza."

"Kwa nini hukusema?"

"Shule niliyotoka nilisema. Mwalimu akanionea huruma, akaninyang'anya vijiti, akanipa kayamba, nikae nyuma. Nilikaa nyuma mwaka mzima." Akamtazama Mejumaa. "Usimwambie mtu. Nitaizoea tu hiyo dhahabu. Niahidi."

Mejumaa aliahidi. Lakini masomo yote ya asubuhi hayakumwingia. Alipofumba macho aliiona ngoma nyekundu yenye bangili za dhahabu, na kila alipoiona, ilikosa mtu nyuma yake. Alitaka aitunze ahadi. Wala hakutaka kumpoteza Ngowa. Mwisho akaona njia moja tu: aseme yeye ndiye aliyebadili mawazo.

Wakati wa mapumziko ya mchana, bendi ilipokutana, alisimama mbele ya wenzake.

"Nimefikiri upya," alisema. "Vyuma viwe vyeusi visivyong'aa. Na rangi ya ngoma isimete."

Wote waliguna. "Vyeusi?" Morris aliuliza. "Tutaonekana tumebeba masufuria ya kupikia pilau. Jana ulikuwa nasi, leo umegeuka. Au kwa kuwa wewe ni kiongozi, kila siku tufuate unalolitaka?"

"Mejumaa, sababu ni nini?" Mwalimu Nasipwondi aliuliza.

"Naona ni bora tu, Mwalimu."

"Hiyo si sababu. Seti hii ni ya wote."

Mejumaa aliinamisha kichwa. Minong'ono ikazidi. Mmoja akasema anajidai, mwingine akasema avuliwe uongozi. Aliyasikia yote, machozi yakamlengalenga, lakini ahadi hakuivunja. Mwalimu akasema, "Basi wanaotaka dhahabu wainue mikono." Mikono ikaanza kupanda.

"Mwalimu, naomba kusema."

Alikuwa Ngowa. Alisimama, akavua kofia yake na kuishika kwa mikono miwili.

"Msimlaumu Mejumaa. Ananitunzia siri yangu. Chuma kinachong'aa kinaniumiza macho, na juani sioni ukingo wa ngoma. Nilimwomba asiseme, kwa sababu naogopa kutolewa kwenye ngoma. Si haki atukanwe kwa ajili yangu."

Morris ndiye aliyekuwa wa kwanza kufungua mdomo, na safari hii sauti yake ilikuwa ya chini. "Lakini wewe ndiye unayepiga vizuri kutushinda sote. Nani atakutoa?"

Mwalimu Nasipwondi hakusema neno la huruma. Alifungua kabati, akatoa utepe mweusi wa kufungia nyaya na ngoma mbili ndogo za mazoezi zenye vyuma vilivyokuwa bado vinang'aa. Ukingo wa moja akauzungushia utepe, ya pili akaiacha ilivyo. Kisha akawapeleka wote uani, jua likiwa utosini.

"Ngowa, piga zote mbili," alisema.

Kwenye ile inayong'aa, Ngowa alikigonga chuma mara kwa mara, machozi yakimtoka. Alipohamia kwenye yenye utepe, mikono yake ikatulia. Mapigo yakamiminika, safi, yamepangika, hata watoto wa madarasa ya chini wakaacha mpira wakaja kusikiliza. Alipomaliza hakuna aliyehitaji kuinua mkono. Morris aliuokota utepe uliobaki akampa mwalimu, akasema, "Vyeusi."

Hapo Mejumaa akakumbuka kwamba Fundi angeanza kupaka rangi alasiri ile ile. Mwalimu alimpigia simu, simu ikaita bila kupokelewa. Masomo yalipokwisha tu, mwalimu na wapiga ngoma wake wawili wakashika njia ya Mji wa Kale, wakitembea kwa hatua za haraka hata shungi la Mejumaa likawa linapepea.

Mashine ya kupulizia rangi ilikuwa ikinguruma. Fundi Sheikhan alipowaona aliizima, akavua kitambaa alichojifunga puani. Ngoma moja ilikuwa tayari nyekundu, ikimeta.

Ngowa mwenyewe ndiye aliyemweleza. Alieleza yote bila kujificha nyuma ya mtu. Fundi alimsikiliza mpaka mwisho, akaichukua bangili nyeusi, akaiweka juu ya ngozi nyeupe ya ngoma na kuishikilia kwenye mwanga wa mlango.

"Hivi waona?"

"Naona duara lote," Ngowa alisema, na uso wake ukachangamka.

"Basi ndiyo hii. Ungeniambia jana, mwanangu, ningekwisha maliza ngoma mbili. Sasa hiyo nyekundu yataka msasa, na msasa wataka mikono."

"Mikono tunayo," Mejumaa alisema.

Wakapewa vipande vya msasa. Walisugua mpaka vidole vikafa ganzi na nguo zikajaa vumbi jekundu, huku Fundi akiwaonyesha namna ya kufuata mistari ya mbao ili wasiikwaruze. Mwalimu Nasipwondi naye alikunja mikono ya blauzi akashika upande wake. Walipokuwa wakipumzika, Ngowa alimgeukia Mejumaa.

"Vyuma nimechagua mimi. Rangi chagua wewe. Mradi isimete."

Mejumaa alivitazama tena vibao vyote, safari hii bila haraka, akauliza ipi ingedumu kwenye hewa ya chumvi, na ipi isingeonyesha alama za vidole. Mwisho alichagua rangi ya damu ya mzee, nzito na tulivu, yenye vanishi isiyong'aa. Fundi akakipaka kipande kidogo cha mbao na kukiweka kando ya bangili nyeusi. Wote wanne wakakitazama. Kilikuwa na heshima fulani ambayo nyekundu yenye kumetameta haikuwa nayo.

Seti ilipoletwa shuleni, Fundi Sheikhan alikuja nayo akaifunga kwa mikono yake, akikaza kila skrubu na kusikiliza kila ngoma. Ikawekwa katikati ya ua. Ngoma za damu ya mzee zilisimama imara, kila moja imezungukwa na duara jeusi. Hakuna aliyetaja masufuria. Morris alizunguka seti nzima, kisha akasema kwamba anatamani na tarumbeta yake ipakwe vivyo hivyo.

Kabla ya kuanza, Mwalimu Nasipwondi aliwaita wanabendi wamzunguke.

"Mimi nimefundisha muziki miaka mingi," alisema, "na bado sikuwahi kuuliza kama kila mmoja wenu anaiona ngoma. Tangu sasa nitauliza. Ngowa, ulisema ukweli juu yako ukijua unaweza kukugharimu, na ukweli huo umetupa seti inayotufaa sote. Ukiwa na haja, iseme mapema, usingoje mpaka mwenzio aumie. Mejumaa, ulikubali kudharauliwa ili usimwaibishe rafiki, na kitu ulichokitamani ukakiacha. Nanyi wengine, mkipewa nafasi ya kuchagua kwa niaba ya watu, msichague kinachopendeza macho yenu peke yenu. Ulizeni kwanza kitatumiwa na nani."

Wakaitikia, "Ndiyo, Mwalimu."

Ngowa akaivuta kofia yake mbele kidogo, akaketi nyuma ya ngoma. Jua lilikuwa kali. Aliwatazama wenzake, akagonganisha vijiti hewani kuwapa mwendo, na bendi yote ikaingia pamoja. Mejumaa, aliyesimama kando akingoja zamu yake, hakuitazama rangi wala vyuma. Alikuwa akiitazama mikono ya Ngowa, ajifunze.