Mwingine Aliyeng'atwa

Dobi alianza kazi mapema, kabla jua halijawa kali. Alifua nguo za watu uani, akazianika kwenye kamba zilizotoka ukuta mmoja hadi mwingine. Mume wake alikuwa fundi wa makochi. Karakana yake ilikuwa mbele ya nyumba, chini ya bati. Palijaa mbao, misumari na vipande vya sponji.

Walikuwa na mtoto mmoja tu, wa kiume. Mtaa mzima ulimwita Meneja. Akitoka shule alikuwa akikaa juu ya kochi lililochanika, anamwangalia baba yake akifanya kazi, kisha anasema, "Fundi, hapo umepinda." Na mara nyingi palikuwa pamepinda kweli.

Upande wa pili wa uzio aliishi muuza mkaa na binti yake. Binti huyo aliitwa Kasuku kwa sababu hakujua kunyamaza. Dobi na muuza mkaa walikuwa hawasemezani. Upepo ukivuma, vumbi la mkaa lilitua kwenye mashuka meupe. Dobi alilalamika, muuza mkaa akajibu, maneno yakakua. Tangu hapo kila mmoja alimkataza mtoto wake kuvuka uzio.

Asubuhi moja Meneja alikuta kijibwa kimelala kwenye vipande vya sponji. Hakuna aliyejua kilikotoka. Meneja alikipa mabaki ya chakula.

"Baba, tukifuge," alisema.

"Tutakilisha nini? Misumari?" Fundi alijibu. Lakini hakukifukuza.

Baada ya siku chache kijibwa kilibadilika. Kilipotembea kiliyumba. Kilitafuna vijiti na mawe. Mate yalikitoka mdomoni bila kukatika. Meneja alipotaka kukiinua, kilimng'ata kidole. Alama yenyewe ilikuwa ndogo, kama tundu la sindano ya kushonea.

Fundi alikitazama kidole. "Hayo ni meno ya maziwa, mwanangu. Usinililie kwa meno ya maziwa." Akakata utepe wa kitambaa cha kochi, akakifunga kidole.

Dobi aliita kutoka uani, mikono ikiwa kwenye povu. "Kuna nini huko?"

"Hakuna kitu," Fundi alijibu.

Kijibwa kilikufa. Fundi akakitupa jalalani. Kidole kikapona, na habari zake zikaishia hapo.

Wiki nyingi zilipita. Kisha Meneja akaanza kusema kidole kinamwasha, kile kile kilichopona. Homa ikapanda. Mama yake alipompa maji, koo lilimbana, akasukuma kikombe. Alikuwa na kiu, lakini hata kuyaona maji kulimtetemesha. Walimkimbiza hospitali.

Daktari wa wodi alimpima, akawageukia wazazi.

"Amewahi kung'atwa na mbwa?"

"Hatufugi mbwa," Dobi alisema.

Daktari alimtazama Fundi. Fundi alikuwa ameangalia sakafu. Mke wake naye akamgeukia.

"Kilikuwa kijibwa tu," Fundi alisema. "Kidogo hivi."

Daktari alivuta kiti, akakaa. Aliwaambia bila kuzunguka kwamba ni kichaa cha mbwa. Ugonjwa ukishaanza kuonekana, hakuna dawa ya kuuponya. Wangeweza tu kumpunguzia mtoto maumivu.

Meneja alifariki mama yake akiwa amemshika mkono.

Siku ya pili ya msiba, mwanamke mmoja aliingia uani akiwa amevaa buti za mpira na amebeba mkoba begani. Aliwasalimia waombolezaji, akawapa pole wazazi, kisha akakaa kwenye benchi karibu na Fundi.

"Mimi ni daktari wa mifugo," alisema kwa sauti ya chini. "Hospitali walinipigia simu. Naomba kuuliza habari za yule mbwa."

Fundi alimtazama buti, kisha uso. "Mwanangu hakuwa ng'ombe."

"Najua, baba."

"Basi nenda kwa ng'ombe wako. Tuache tulie."

Daktari hakubishana. Alisimama, akatoka taratibu. Dobi aliinuka na kumfuata hadi barabarani.

"Subiri," alisema. "Daktari wa mifugo anatafuta nini msibani? Nieleze, nielewe."

"Nilianza na ng'ombe kweli," daktari alisema. "Nilisomea kuzalisha ndama na kutibu vidonda vya kwato. Lakini nikaona magonjwa mengi hayachagui mwenye miguu miwili wala minne. Yanatoka kwa mnyama, yanaingia kwa mtu. Sasa kazi yangu ni kuufuata ugonjwa. Nauliza umetoka wapi na umepita kwa nani, ili niwahi kule unakokwenda. Kwa mwanao nimechelewa, mama. Sitakudanganya. Lakini kijibwa kile kinaweza kuwa kimeng'ata mtu mwingine. Mtu huyo leo ni mzima. Akipata chanjo kabla hajaanza kuumwa, atapona. Akianza kuumwa, hatutaweza tena kumsaidia."

Dobi alishika mti wa uzio. "Kidonda kilikuwa kama tundu la sindano."

"Virusi vimo kwenye mate ya mbwa. Tundu dogo linatosha. Kidonda kinatakiwa kuoshwa hapo hapo, kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika kumi na tano. Usikifunge. Halafu hospitali siku hiyo hiyo, ukachanjwe."

"Sabuni," Dobi alisema. Alirudia neno hilo mara ya pili, kisha akakaa chini, pale pale kwenye vumbi. "Nyumba yangu imejaa sabuni."

Daktari naye akakaa chini kando yake. Kisha akauliza, "Mwanao alicheza na nani?"

"Sijui. Mchana nilikuwa kwenye beseni." Dobi alifikiri. "Ila mimi nafua. Mtoto wangu nilikuwa nasoma siku yake kwenye nguo zake. Wino ni shule, gundi ni kwa baba yake. Siku zile shati lake lilikuwa na mkaa. Nilimgombeza, akasema ni upepo." Alinyanyua macho. "Upepo haupaki mkaa mgongoni kama alama ya mkono."

Walivuka uzio pamoja. Muuza mkaa alikuwa akijaza makopo. Alipomwona Dobi alijifuta mikono kwenye suruali.

"Pole, jirani," alisema. "Nilitaka kuja. Sikujua kama mtanipokea."

Daktari alimweleza kilichowaleta. Muuza mkaa alitikisa kichwa hata kabla hajamaliza.

"Binti yangu hajang'atwa. Ningejua. Yule kitu gani angekificha? Akila pipi tu mtaa mzima unapata habari."

Alimwita. Kasuku alitoka ndani akasimama nyuma ya gunia. Daktari alimuuliza, akasema hajui mbwa yeyote. Alisema maneno hayo tu, akafunga mdomo.

Dobi aliona jambo hilo. Alipiga magoti mbele ya mtoto, wakawa macho kwa macho.

"Kasuku, mwanangu, mimi sijaja kugomba. Najua mlikuwa mnavuka. Mwenzako aliona kidonda chake ni kidogo, baba yake naye akaona hivyo hivyo. Mimi sikuambiwa. Ningeambiwa, labda leo ningekuwa nafua nguo zake. Niambie wewe."

Kasuku alianza kulia bila sauti. "Tuliapizana tusiseme. Nikisema, baba atanichapa kwa kuvuka."

"Hakuna atakayekuchapa," muuza mkaa alisema.

Kasuku alivua soksi. Juu ya kifundo cha mguu kulikuwa na vialama viwili vilivyokwisha kupona.

Muuza mkaa alikaa juu ya gunia. "Ameshakufa huyu," alisema.

"Hajafa," daktari alimkatiza. "Unaona homa? Anakunywa maji? Anacheza? Basi bado tuna nafasi. Kidonda kupona si hoja, chanjo ndiyo hoja. Funga kazi, tunaondoka sasa hivi."

Zahanati ya karibu haikuwa na chanjo. Daktari alipiga simu mpaka akapata hospitali yenye chanjo, wakaenda wote pamoja na Dobi. Kasuku alichomwa sindano ya kwanza jioni hiyo, akapewa tarehe za nyingine.

"Asiruke hata moja," daktari alimwambia baba yake. "Kuchelewesha moja ni kuchezea roho yake."

Kisha alimgeukia Dobi. "Na nyie wazazi. Mlimuuguza mtoto, mate yake yaliwagusa. Mnahitaji chanjo."

"Ya nini tena?" Dobi aliuliza. "Mimi nabaki kufanya nini?"

"Mama, nyoosha mkono kwanza."

Dobi alinyoosha mkono.

Fundi alikataa kwenda. Alisema sindano ile ilimstahili mtoto, si yeye. Siku mbili alikaa karakanani bila kugusa nyundo. Mwishowe muuza mkaa ndiye aliyemfuata.

"Fundi, binti yangu anaenda kuchomwa ya pili. Anaogopa. Anataka mtu mzima achomwe mbele yake. Mimi sikung'atwa wala sikumuuguza mtu, watanifukuza. Twende."

Fundi alivaa viatu akaenda.

Kazi ya daktari haikuishia kwa Kasuku. Alitaka kujua kijibwa kilitoka kwa mama gani. Alizunguka mtaa kwa mtaa na Dobi akaongozana naye. Milango iliyofungwa kwa daktari ilifunguka kwa Dobi, maana hakuna aliyeweza kumwambia mama aliyefiwa kwamba hana muda. Waligundua kwamba mbwa jike mmoja alizaa nyuma ya machinjio. Naye alikuwa ameshakufa, na watu walikuwa wamegawana vijibwa vyake. Walikifuata kila kimoja. Wachinjaji wawili walikuwa wameng'atwa na kumwagia vidonda vyao mafuta ya taa. Walipelekwa hospitali. Mzee mmoja mlinzi alificha kidonda chake kwa aibu. Walimfikia akiwa ameshaanza kuogopa maji. Wakamzika wiki hiyo.

Dobi alirudi nyumbani kutoka mazishini. Fundi alimwekea maji ya kunywa, akakaa karibu yake.

"Nilimwambia ni meno ya maziwa," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka.

"Najua."

"Utanisamehe?"

"Sijui bado," Dobi alisema. "Kunywa na wewe."

Daktari aliitisha siku ya kuchanja mbwa kwenye uwanja wa shule. "Mbwa wengi wakichanjwa kila mwaka, ugonjwa unakosa njia," aliwaambia watu. "Mbwa mzee, mbwa mtoto, anayefugwa, anayezurura, leteni wote. Na mbwa akibadilika tabia, awe mkali au awe mpole kupita kawaida, msimguse. Nipigieni."

Watu walikuja na mbwa wao, wengine wamewafunga kwa khanga, mmoja kwa waya wa pasi. Mwenye waya alichekwa mpaka naye akacheka. Fundi alikuwa amekata mikanda ya makochi akashona kola na kamba. Alizigawa bure kwenye foleni. Kasuku alipita kati ya watu akiwaambia sindano haiumi, ingawa hakuna aliyemuuliza. Tarehe zake zote zilikuwa zimekamilika, na alikuwa mzima.

Mchana mbwa mmoja alitishika na kelele akamng'ata msichana mdogo kiganjani. Mama yake alivua kitambaa cha kichwa amfunge.

"Usifunge," Fundi alisema. Alimchukua mtoto mpaka kwenye bomba la shule, akafungua maji, akaomba sabuni. Alipiga magoti kwenye matope akaanza kuosha. Mtoto alilia. Fundi aliendelea, taratibu, akigeuza kiganja huku na huku chini ya maji.

Baada ya muda mama wa mtoto alisema, "Si kimeshatakata, baba?"

"Bado," Fundi alisema.

Watu walianza kurudi kwenye foleni. Mtoto alichoka kulia, akawa anaangalia povu. Fundi hakuinuka mpaka daktari alipotazama saa na kumwambia dakika zimetimia. Kisha akamfuta mtoto mkono, akamwuliza mama yake kama anaijua njia ya hospitali. Hakusubiri jibu. Alimbeba mtoto mgongoni, wakaondoka.