Mimba za Sponji

Wenzangu, vuteni viti, na wewe uliyesimama mlangoni ingia, maneno ya baraza hayasikilizwi kwa mguu mmoja nje. Nyumba ninayowapeleka mnaijua hata kama hamjaikanyaga, maana kila mtaa unayo: nyumba ya fundi cherehani, yenye kibaraza kisichokosa makalio ya watu.

Asubuhi moja palikuwa shwari pale kibarazani. Cherehani inakwenda, inatulia, inakwenda tena. Kinyozi wa jirani amekosa kichwa cha kunyoa, kwa hiyo ananyoa watu kwa ulimi. Mama wa Mkaa amekaa juu ya gunia lake, anacheka mpaka vumbi linamtoka. Na fundi mwenyewe, mjane waliyemwita Bi Pindo kwa kuwa pindo alilolishona yeye hufa pamoja na nguo, jicho moja liko kwenye sindano, la pili liko kwa mkwewe.

Mwanawe wa pekee alikuwa kibarua wa ujenzi mji mwingine, harudi ila mwisho wa mwezi. Mke aliyemwacha nyumbani alikuwa ameshaharibikiwa na mimba mbili. Hii ya tatu ilikuwa imeshika, imekua, inaonekana kwa mbali, na Bi Pindo aliilinda kama yai lililo mkononi mwa mlevi.

"Usiiname! Hiyo ndoo nani amekutuma?"

"Mama, hata kupiga chafya niombe ruhusa?"

"Chafya piga, lakini polepole."

Kibaraza kizima kikaangua kicheko. Na hapo ndipo gari jeusi liliposimama mbele ya mlango, cheko likakatika kama uzi.

Mwanamke aliyeshuka waliishia kumwita Madamu Manukato, kwa sababu harufu yake iliingia kabla yake na ilichelewa kutoka. Alimtazama kila mtu mpaka kila mtu akakumbuka ana kazi nyumbani. Walipobaki wawili akasema, "Wewe ndiye fundi ambaye mshono wake haufumuki?"

"Ndivyo wasemavyo. Mimi sijawahi kukaa nikaungoja ufumuke."

"Nataka magauni ya wajawazito. Mapana. Ndani, hapa tumboni, weka mfuko mkubwa, mdomo wake ufunguke ubavuni kwenye mshono, mtu asiuone. Mbele ya mfuko weka sponji, iwe duara zuri."

Bi Pindo akacheka. "Sasa mjamzito mwenyewe atakaa na tumbo lake wapi?"

Madamu hakucheka. Aliweka malipo ya kwanza juu ya meza ya cherehani, na Bi Pindo naye akaacha kucheka.

"Kwa kila gauni nitaleta kitambaa chake, yasifanane. Na vipande vitakavyobaki," akasema akiwa ameshafika mlangoni, "vichome."

Msinitazame hivyo. Mnataka kujua kama alielewa? Alielewa. Mtu aliyepima viuno vya mtaa mzima miaka yote hiyo haambiwi mfuko wa tumboni ni wa nini. Lakini tangu duka kubwa la vioo lifunguliwe pale barabarani, nguo zikawa zinaning'inia humo zimeshonwa tayari, kwa bei ambayo yeye hanunulii hata kitambaa. Wateja wake wakabaki kumletea zipu zilizokufa na vifungo vilivyong'oka. Kliniki inataka chake, mwenye nyumba anataka chake, na mkwe anatakiwa ale vizuri.

Kwa hiyo alijishonea maneno, akayavaa. "Mimi nashona tu," alijiambia. "Muuza kisu si mchinjaji. Tena duka lile limenila mimi mzima mzima, nani alilipeleka polisi?" Maneno hayo yana ukweli ndani yake, na hiyo ndiyo sumu yake. Uongo mtupu haumlazi mtu usingizi. Unaolaza ni ule uliokorogwa na ukweli kidogo.

Ila usingizi wenyewe ulikuwa wa mang'amung'amu. Gari likipita, sindano inasimama. Mtu akibisha hodi, sponji inasukumwa chini ya kitanda. Kibaraza alichokipenda sasa kilimkera. "Leo nina kazi za watu," aliwaambia, nao wakaondoka wakitazamana.

Siku moja aliletewa msichana wa kupima. Mwembamba, mchangamfu, anaitwa Kipusa.

"Simama wima," Bi Pindo akamwambia. "Tumbo lako liko wapi?"

"Nimeliacha dukani, Mama, naenda kulijaza."

"Unacheka! Ukishikwa je?"

"Nilikuwa nauza soksi nje ya duka hilohilo. Kila siku tunafukuzwa, tunamwagiwa bidhaa, eti tunachafua mlango. Sasa naingia kwa mlango wa mbele na mlinzi ananiita dada, ananipisha." Kipusa akazunguka ndani ya gauni la buluu lenye madoa meupe, sponji ikazunguka naye. "Maziwa ya kopo, nyembe, mafuta ya ngozi. Madamu anachukua vyote, wauzaji wake wanavizungusha mitaani. Mimi ananipa cha kumnunulia bibi yangu dawa."

"Na yeye Madamu huingia dukani?"

"Ee Mama! Yeye hukaa garini. Kuna kiyoyozi."

Bi Pindo alitoa pini mdomoni. Akamchoma nayo kidogo begani bila kukusudia.

Gauni likaondoka, vikabaki vipande. Si vipande vya kufutia meza, la. Madamu alileta kitambaa kingi kama wafanyavyo watu wasioshona, na mkasi wa Bi Pindo ulikuwa na jicho. Palibaki kitambaa cha buluu, laini, cha kutosha kitu cha maana. Kichomwe? Kuna fundi gani duniani anayechoma kitambaa kizima? Waulizeni mafundi: vipande ni haki ya mkasi, ndivyo walivyofundishana tangu enzi. Akaunga hapa, akatia marinda pale, akamshonea mkwewe gauni la kujifungulia. Binti alipolivaa alijitazama kiooni akatoa chozi. Tangu ndoa hakuwa amepata nguo mpya.

"Mama, hili silivui mpaka mtoto aje aniambie nivue."

Kitu kilimpita Bi Pindo moyoni, akakifukuza kama nzi.

Wiki ile haikuisha. Kinyozi alikuja mbio, taulo la mteja bado liko begani. "Njooni msikie! Pale dukani wamemkamata mjamzito. Kumpapasa, amejifungua makopo ya maziwa! Tena mapacha, na wengine wanafuata!"

Kibaraza kikafa kwa kicheko. "Baba yao nani?" akauliza Mama wa Mkaa. "Ng'ombe!" akajibu Kinyozi. Walicheka hata wale waliokuwa wakinunua makopo hayohayo kwa bei ya chini kwa wauzaji wa mlango kwa mlango bila kuuliza yametoka wapi. Mkwe naye alicheka, ameshika tumbo lake la kweli kwa mikono miwili.

Bi Pindo sindano ilimvunjikia mkononi.

"Alivaa nini?" akauliza.

Kinyozi akashangaa. "Mtu kajifungua makopo, wewe unauliza nguo? Ufundi utakuua. Buluu, wanasema. Ya madoadoa."

Jioni Bi Pindo alimwambia mkwewe, "Lete lile gauni nilipunguze."

"Ulipunguze, na tumbo linaongezeka?"

"Basi nilipanue."

"Mama, limenikaa vizuri. Pumzika, umechoka wewe."

Angeweza kusema neno moja tu: usilivae. Lakini swali la pili lingekuwa kwa nini, na jibu la kwa nini lilikuwa chini ya kitanda. Akasema moyoni, kesho nitalificha. Mambo mengi duniani yameharibiwa na hiyo kesho.

Alipoamka, kitanda cha mkwe kilikuwa kimetandikwa.

"Kaenda wapi?" alimuuliza Mama wa Mkaa.

"Dukani, kununua pamba na vitambaa vya mtoto. Kapendeza! Nimemwambia, na hilo gauni utazaa bibi harusi."

Bi Pindo alitoka kama alivyo, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, kiatu kimoja kikabaki njiani. Watu walimuuliza kuna nini, yeye akawapita mbio. Alipofika kwenye milango ya vioo alikuta watu wamejazana na simu zao juu, kikapu kimepinduka, pamba imekanyagwa. Rafu moja ilikuwa imeegama.

"Wa leo ana tumbo la kweli," mmoja akasema, "lakini ni wa kundi lile. Sare moja! Mlinzi kamvuta, kaanguka."

Chumba cha nyuma kilikuwa cha kuwekea maboksi. Mkwe alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani, jasho linamtiririka, mkono wa gauni umechanika. Mlinzi wa kike alisimama kando yake. Meneja, kijana wa tai, alizunguka chumbani kama kuku anayetafuta pa kutagia.

"Mama!" binti akalia. "Waambie mimi si mwizi. Mama, tumbo linanikaza!"

"Mpelekeni hospitali!" Bi Pindo akapiga kelele. "Hamwoni?"

"Polisi wanakuja," Meneja akasema. "Hata wa jana alilia tumbo, mama. Alilia vizuri kuliko huyu. Na wa duka letu jingine alilia akazimia, tukamwachia, akakimbia. Mzigo ukipotea tena hapa nafukuzwa mimi, si mwenye duka." Akavuta gauni lililokuwa juu ya boksi, la Kipusa, sponji ikitoka kama utumbo. "Tazama mwenyewe. Kitambaa hiki hatukiuzi, na sokoni hakipo, tumeulizia. Mtu wa nje angekipata wapi?"

Bi Pindo alilijua jibu la kumwokoa yeye: nimenunua kwa mchuuzi, simjui. Lilimfika mpaka kwenye meno. Nalo lingemwacha binti pale chini, kwenye sakafu ya saruji, akingoja polisi waje wamhoji. Mkwe akauma kiganja chake, akatoa sauti ambayo Bi Pindo aliisikia mara mbili huko nyuma, na mara zote mbili walirudi nyumbani mikono mitupu.

Akapiga magoti. Akashika pindo la gauni la mkwewe, akashika na gauni la Kipusa, akaunganisha kingo mbili pale mkasi ulipopita katikati ya madoa. Nusu ikakutana na nusu. Doa likawa zima, na jingine, na jingine.

"Nimeyashona mimi yote mawili," akasema. "Hilo lenye mfuko nililipwa. Hili nililishona kwa vipande vilivyobaki, nikamvisha mwanangu. Hajui kitu. Wa kukamatwa ni mimi. Yeye mpelekeni."

Mlinzi wa kike hakumngoja Meneja, alifungua mlango wa nyuma akaita teksi kwa sauti ya kilio.

Walipomnyanyua, binti alimgeukia Bi Pindo.

"Mama, ulijua?"

"Nilijua."

"Na jana ulipotaka kulipunguza?"

"Nilijua."

Binti aligeuza uso, wakambeba.

Mtoto alizaliwa siku ileile, kabla ya wakati wake, akawekwa kwenye sanduku la joto. Bi Pindo alizipata habari kupitia dirisha la kituo cha polisi, Kinyozi amesimama nje kwa ncha za vidole vya miguu. "Ni wa kike! Mdogo kama kiatu, lakini anapiga kelele kama bibi yake!" Bi Pindo akacheka.

Alimtaja Madamu, na gari lake, na nyumba aliyokuwa akipelekea kazi. Polisi walipofika walikuta vyumba vimefagiliwa. Hata manukato hayakubaki. Waliofungwa ni fundi na Kipusa, chumba kimoja, mkeka mmoja, na bibi yake Kipusa alikufa kabla mjukuu hajatoka. Duka liliweka maziwa ya kopo ndani ya kabati la kufuli. Wajawazito wa mtaa ule mpaka leo hupapaswa mlangoni.

Bi Pindo alipomaliza kifungo chake alirudi nyumbani. Mwanawe alimpokea mkoba. Mtoto alikuwa anatambaa, akamjia mwenyewe, akamshika kidole. Mkwe akamwacha amshike. Akamkaribisha, akampa maji, akamwita Mama kama zamani.

Lakini Bi Pindo alipomweka mtoto mapajani, mkono ukaenda wenyewe kwenye futi, akainyoosha mgongoni kwa mtoto, begani mpaka kiunoni. "Nitamshonea kagauni," akasema. "Kadogo tu."

Mkwe akaishika ile futi taratibu, akaikunja, akaiweka juu ya cherehani iliyofunikwa.

"Usijisumbue, Mama," akasema. "Za mtoto huyu tunanunua dukani."

FUNZO

Wenzangu, msiondoke na nusu ya maneno. Mwizi si yule tu anayebeba. Anayemshonea mfuko ni mwizi, anayenunua rahisi mlangoni bila kuuliza ni mwizi, na mkubwa wao hukaa garini akisubiri wengine wakamatwe. Njaa ni kweli, na duka lile kuumiza watu ni kweli, na anayemfukuza muuza soksi mlangoni asishangae soksi zikirudi kwa njia nyingine. Hayo tuyapiganie mchana, kwa midomo yetu. Lakini anayetumia umaskini wako kutajirika hakulipizii kisasi, anakula mara ya pili palepale ulipoliwa. Na uovu haujui kutenga: ukikata kitambaa chake, kipande hubaki nyumbani kwako, na atakayekivaa ni yule unayempenda.