Dumu la Edina

Kila asubuhi Edina aliteka maji bombani, pale Area D, Dodoma. Siku ya safari foleni ilikuwa ndefu, naye alitaka kuwahi kiti karibu na mgeni wao, Joha. Joha na baba yake, Mzee Halfani, walitoka Tanga kuja kuwaona tembo wa mbuga ya Ruaha.

"Edina, dumu limejaa?" baba aliuliza.

"Limejaa, baba!"

Limejaa nini? Lilikuwa tupu, limefungwa juu ya gari. Edina hakujali. Kwao Mvumi, wakati wa kiangazi, watu huchimba mchanga wa korongo na maji hupatikana. Huko mbugani hakuna makorongo? Watachimba! Hata Iringa walikolala, penye maji tele, alikaa kimya asije akagunduliwa.

Kesho yake gari la baba, mtumba alioununua mwaka huo wa 1993 na uliosifiwa mtaa mzima, lilichemsha maji ya rejeta likazima katikati ya korongo kavu la mbugani. Visima vya mchangani vilikuwepo kweli, ila wenyewe walikuwa tembo. Walikuja na watoto wao, wakalizunguka gari.

"Fungeni vioo," baba alinong'ona.

Lo, joto lile! Maji ya chupa yaliisha. Joha akaanza kulia. "Baba, nina kiu."

"Dumu liko hapo juu tu," alisema baba wa Edina. "Nashuka mara moja."

Akashika kitasa. Aseme mbele ya wageni? Aibu iliyoje! Mlango ukalia kidogo.

"Baba, usishuke! Dumu ni tupu! Nilikudanganya!"

Baba akauvuta mlango. Papo hapo tembo jike mwenye mtoto akaja akasimama upande ule ule, masikio ameyatanua.

Jua lilipopungua, tembo wakaondoka. Edina akachota maji kwenye kisima chao mpaka dumu likajaa, Joha akanywa. Rejeta ilipopoa, baba akaijaza na gari likawaka.

"Nisamehe, baba," Edina alisema huku akilia.

"Nimekusamehe. Jana ungesema kweli, tungechelewa kidogo tu. Leo ungenyamaza, mngerudi Dodoma na maiti yangu. Ukikosea, mwanangu, sema mapema, kabla mtu hajashika kitasa."