Maneno Yana Wenyewe

Kila alipoingia zamu, mkunga yule alinawa mikono hadi viwikoni, kisha akasalimia kitanda baada ya kitanda. Wodini walimwita Kinasa, kwa kuwa neno likishaingia sikioni mwake halikutoka tena. Alijua majina ya wazazi wote, na hata ya mawifi wao wakorofi. Kipaji hicho alikirithi. Marehemu baba yake alikuwa mwalimu aliyesomesha kwa ghibu. Nyumbani kwao, kulijua jambo ni kulisema lote bila kuacha herufi.

Mwaka ule Kinasa alikuwa akisomea stashahada chuoni, jioni baada ya kazi. Akiipata, angekabidhiwa uongozi wa wodi ya wazazi. Insha yake ya mwisho ilihusu namna ya kumkinga mtoto mchanga na baridi. Aliiandika kwa raha, maneno yakimiminika kama maji ya bomba. Akaipeleka kifua mbele.

Insha ikarudi. Juu yake pameandikwa kwa wino mwekundu: Wizi wa maandishi.

"Mwalimu, wallahi sikuiba!" alimwambia mhadhiri wake. "Nilipoandika sikufungua kitabu hata kimoja."

Mhadhiri akamgeuzia kompyuta. Upande mmoja palikuwa na insha yake, upande wa pili kitabu cha chuo. Vilifanana kama pacha.

"Hata mikato imekaa pale pale," alisema mhadhiri, bila ukali. "Sisemi kwamba ulikusudia ubaya. Lakini msomaji ataliona jina lako juu, na chini yake maneno ya mwingine. Andika upya kabla ya mwisho wa mwezi. Ukirudia kosa, chuo kitakufuta, nami sitakuwa na la kukusaidia."

Alipofika nyumbani, mumewe, fundi saa, alikuwa ameinamia saa iliyofunguliwa.

"Mama watoto, mbona umekunja uso kama saa iliyokanyagwa?"

"Si kitu."

"Si kitu hakibamizi mlango namna ile. Sema, mke wangu. Mficha uchi hazai, na hilo wewe mkunga walijua kunishinda."

Kinasa alicheka, kisha machozi yakamtoka. Akamweleza yote.

"Lo, jambo dogo!" alisema fundi saa. "Badilisha neno hapa na pale. Palipo 'joto' weka 'fukuto'. Palipo 'mtoto' weka 'mwana'. Nani atajua?"

Wakakaa mezani, wakabadilisha. Kazi ilipokwisha, Kinasa aliichukua kwa jirani yao, mama wa makamo aliyefanya kazi katika maktaba ya chuo. Mkutubi alivaa miwani, akasoma, akaivua.

"Mdogo wangu, 'fukuto la mwana' ndiyo nini? Umemvalisha mtoto wa mtu kofia mpya, kisha wasema umemzaa wewe."

"Ni shemeji yako aliyenishauri, dada."

"Shemeji arudi kwenye saa zake."

Wakacheka, kisha Mkutubi akauliza kwa upole, "Marehemu baba yako, alipoanza kusomesha, alisema nini kwanza?"

Kinasa hakufikiri. "Alisema: Haya nimeyapokea kwa mwalimu wangu fulani, naye aliyapokea kwa fulani."

"Kwa nini asianze moja kwa moja?"

"Alisema elimu ni amana. Ukificha ilikotoka, umeikhini." Sauti yake ikapungua. Alikuwa ameyasikia maneno yale maelfu ya mara, wala hakuwahi kuyapima.

"Basi umejijibu," alisema Mkutubi. "Ulihifadhi somo, ukamsahau msomeshaji. Kuazima si kuiba. Kuiba ni kumficha mwenyewe."

"Nifanyeje sasa?"

"Ukitaka maneno yenyewe ya mwandishi, yatie ndani ya alama za kunukuu. Taja jina lake, mwaka wa kitabu na ukurasa. Lakini usinukuu insha nzima, maana hapo wewe umefanya kazi gani? Mara nyingi lielewe wazo, funga kitabu, uliseme kwa maneno yako. Haya, jaribu."

Kinasa alifumba macho, akasema. Kitabu kikamtoka mstari kwa mstari.

Mkutubi akajipiga paja. "Huyo si wewe, huyo ni kitabu kinasema! Kwako wewe kukifunga hakutoshi. Ngoja. Mimi ni mzazi wako, nimejifungua alfajiri. Mwanangu miguu imempoa kama vyuma. Niambie, mkunga!"

Kinasa akafumbua macho, na sauti yake ikawa ya wodini. "Mama, mvue mwanao, abaki na nepi na kofia. Mlaze kifuani, ngozi kwa ngozi. Kifua chako ndicho jiko lake. Blanketi mfunike mgongoni. Na usimwogeshe leo, maji hayakimbii!"

"Andika hayo! Yapange kisomi, lakini yawe hayo."

"Kwa kuwa maneno ni yangu, jina la mwandishi nalifuta?"

"Hasha! Maneno ni yako, wazo bado ni lake. Mtaje pale pale, kisha umweke tena katika orodha ya marejeo mwishoni."

"Na niliyoyaona mwenyewe kazini?"

"Hayo ni mali yako. Sema umeyaona wewe, na umeyaona wapi."

Kinasa akaitazama mikono yake. "Dada, watoto wetu hupoa ukumbini. Tunapowatoa chumba cha kujifungulia, upepo wa ule mlango wa nyuma huwapiga. Siku hizi namlaza mtoto kifuani mwa mama kabla kitanda hakijasukumwa. Akifika wodini, miguu yake ina joto."

"Lipo katika kitabu gani hilo?"

"Sijaliona popote."

"Basi ulikuwa na dhahabu mfukoni, ukaenda kuazima shaba."

Kinasa aliandika upya tangu mwanzo. Kwa kila wazo la kuazima alimtaja mwenye nalo.

Siku ya kuitetea insha, mhadhiri alikaa na wenzake wawili. Akafunua kurasa, akasimama kwenye mmoja.

"Hili la ukumbini halina rejeo, umesema tu umeliona kazini. Kweli hukulitoa kitabuni?"

Kinasa hakutetereka. "Nimelitoa katika mkono huu, mwalimu. Miguu yao nimeigusa mwenyewe. Yote mengine yana wenyewe, nao nimewataja."

Mhadhiri alitabasamu, akaandika. Safari hii wino ulikuwa wa buluu.

Kinasa akapata stashahada, akapewa wodi, na insha yake ikawekwa katika maktaba ya chuo. Ule mlango wa nyuma ukatengenezwa ukafungika, na watoto wakawasili vitandani na joto lao.

Siku moja mkunga mwanafunzi alimletea insha aisome. Katikati yake Kinasa alikuta habari ya ukumbi na upepo, imeelezwa kwa maneno mengine kabisa. Mwisho wa sentensi, ndani ya mabano, palikuwa na jina lake mwenyewe na mwaka. Chini yake maneno yake ya "kifua ndicho jiko" yametiwa ndani ya alama za kunukuu. Aliyasoma mara mbili, moyo ukimjaa. Akamkumbuka baba yake.

Kisha akairudisha insha.

"Umeandika vyema, mwanangu. Ila hapa uliponinukuu, ukurasa hukuutaja."